Sauti Yangu Upande wa Pili wa Ukuta

Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye mashamba ya kahawa, manyunyu yakaendelea, na kufikia jioni kijiji chetu cha Gakindu kilikuwa bado hakijaona jua.

Nilikuwa katika ofisi ya kanisa letu, nimejifunika shuka, nikisubiri darasa. Baada ya kustaafu ualimu nilijiunga na chuo cha Kikristo kinachofundisha kwa mtandao, nisomee shahada ya uzamili ya falsafa, na nyumbani kwangu mtandao hukatika ovyo. Kazi ya wiki ile ilikuwa imeninyima raha. Mhadhiri alitaka tujenge hoja kali kabisa dhidi ya maombi, kisha tuijibu. Hoja nilikuwa nayo. Jibu nililiandika, nikalifuta, nikapiga magoti, nikaandika tena, nikafuta.

Nikaamua kuisikiliza hoja yenyewe, niliyokuwa nimeirekodi kwenye simu. Labda ningeuona ufa wake. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Ndipo nikajisikia nikinguruma upande wa pili wa ukuta:

"Mama anafunga na kuomba mtoto wake apone ugonjwa wa figo. Mtoto anakufa. Jirani haombi kamwe, na wa kwake anapona. Basi aliyeomba amepata nini?"

Jumapili nilikuwa nimepiga nyimbo za sifa kwa simu hiyo kupitia spika ya kanisa, na sasa simu ilikuwa imejiunga nayo yenyewe. Kule ndani ya kanisa akina mama walikuwa kwenye maombi yao ya Alhamisi.

Nilipoingia, mwenyekiti wao, Mama Waweru, alikuwa ameshachomoa waya wa umeme wa spika.

"Ati Mwalimu! Ni wewe, ama shetani amekopa sauti yako?"

"Ni masomo, Mama Waweru. Tunafundishwa kusema maneno ya mpinzani kwanza, halafu..."

"Si niliwaambia hiyo digrii itatuletea kitu?" mama mmoja akadakia. "Mtu wa miaka yake asome Biblia, atosheke!"

Wakacheka. Kagure hakucheka. Mwaka jana alimzika mwanawe, Kingori, na sisi sote tulikuwa tumefunga pamoja naye. Mimi niliiandika habari hiyo bila kutaja jina, nikidhani hiyo ndiyo heshima.

"Huyo ni Kingori wangu," akasema.

"Ndiye. Nisamehe, Kagure."

"Ngoja kwanza. Hiyo kitu umesema, mimi husema kila asubuhi nikikamua ng'ombe. Hapa siwezi. Mtanikemea pepo." Mama Waweru akatazama sakafu. "Sasa niambie, jibu yake ni gani?"

"Nimeandika majibu mengi. Hakuna hata moja ninaloweza kukusomea."

"Na mwalimu wako anataka lini?"

"Kesho. Nisipotuma nitaanguka, nirudie somo lote mwaka ujao."

"Utatuma?"

Nilijua majibu yale yangenipatia alama. Niliitaka shahada ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, hata Mungu. Nikajaribu kuomba kimoyomoyo, maneno yakatawanyika kama kuku.

"Mwalimu, sema," Mama Waweru akasema, safari hii kwa upole. "Sisi tuko hapa."

Nikasema kwa sauti, wote wakisikia:

"Kagure, mbele za Mungu na mbele ya akina mama hawa, sitatuma neno lolote juu ya Kingori kabla sijakusomea wewe, uso kwa uso, ukaniambia ni kweli. Hata nikianguka."