Kalamu ya Mtani

Elieza wa Bahi hakuwa na baiskeli ya gia kama zilizoanza kuingia biashara ya nje ilipofunguliwa, hakuwa na viatu vya mbio, hakuwa na kocha, wala hakuwa na kasi ya mwisho. Pumzi alikuwa nayo tele, maana alipeleka samaki Dodoma kwa baiskeli. Lakini kila mashindano ya baiskeli ya Nane Nane, Harithi, Mnyamwezi wa mjini, alimpita karibu na utepe.

“Mgogo, wewe punda! Unafika, lakini hutangulii,” Harithi alimtania. “Ukinishinda nitamwandikia mama yako, nimwamkie na kukiri.”

“Nunua kalamu, mtani.”

Elieza alitambua kwamba uvumilivu ni somo moja na nguvu ya ghafla ni somo jingine. Mvua zilipoanza, aliruka kichura katika tope la majaruba ya mpunga, mkewe Hana akicheka hadi machozi. Barabarani alikimbiza baiskeli kwa nguvu zote kutoka nguzo moja ya simu hadi ya pili, akapumzika, akarudia.

Nane Nane ilipofika, Harithi alichomoka karibu na mwisho kama kawaida yake. Elieza akasimama juu ya pedeli, akampita, akakata utepe.

Mtani havunji ahadi. Harithi aliandika, “Shikamoo mama, punda wako ametangulia,” akalamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza posta, Elieza akimshikia baiskeli.