Korongo Lililofukiwa

Jamani, kuna mambo ukisimuliwa utasema ni porojo. Mama Pacha mwenyewe, hadi leo akikumbuka anashika kichwa.

Kiangazi kizima alihangaika na maofisi. Huku aliambiwa si hapa, nenda kule. Kule akaambiwa rudi ulikotoka. Alikuwa amesikia redioni kwamba serikali ina mpango wa kuhifadhi udongo: mkulima ambaye shamba lake linaliwa na maji atapewa mawe, miche ya miti na watu wa kumchimbia matuta. Na lake lilikuwa linaliwa kweli. Korongo lilianzia barabarani huko juu, likapasua shamba la mahindi katikati, na masika yaliyopita likasimama karibu kabisa na jiko. Mvua kubwa nyingine tu, nyumba inakwenda na maji.

Mwisho, kwenye kichumba nyuma ya stoo ya mbolea, akampata bwana shamba.

"Mpango upo, mama," akamwambia. "Ila lazima nilione korongo kwa macho yangu, nilipime. Alhamisi nisubiri hapa, twende wote na pikipiki."

Mama Pacha alirudi nyumbani miguu haigusi chini. "Baba Pacha, mgeni wa serikali anakuja kuliona shamba!"

"Aje tu," mumewe akajibu. "Hatatukuta hivihivi."

Mama Pacha akadhani ni furaha. Lakini Baba Pacha ndivyo alivyo: kiatu king'ae hata kama soli imetoboka, na mgeni akija, kuku wote wanafukuzwa uani wasimwaibishe. Jumatano mkewe akaenda kulala kwa dada yake mjini, ili amuwahi bwana shamba asubuhi.

Alhamisi wakafika, wingu limetanda. Mama Pacha akashuka kwenye pikipiki, akanyoosha mkono kuonyesha, na mkono ukabaki hewani.

Korongo halikuwapo! Shamba limesawazishwa, tena limefagiliwa. Mashemeji zake wameegemea majembe, jasho linawatiririka, na Baba Pacha kasimama mbele yao na shati la pasi.

"Karibuni, karibuni sana!"

"Mama, korongo liko wapi?" bwana shamba akauliza.

Mama Pacha akamgeukia mumewe.

"Tumelifukia!" mumewe akadakia, kifua mbele. "Mimi na wadogo zangu, tangu jana. Serikali inikute na shimo shambani? Mimi si mvivu, bwana shamba."

"Baba, huu mpango ni wa mashamba yenye makorongo."

Tabasamu la Baba Pacha likayeyuka.

"Umeniua," Mama Pacha akasema. "Umeniua mimi na wanao!" Akampokonya shemeji yake jembe, akaanza kufukua na gauni lake la kutokea.

"Acha, mama. Nikipima shimo la jembe nitakuwa nimesema uongo. Labda maji yenyewe yalifukue."

Radi ikapiga. Tangu kiangazi kianze, mama wa watu alikuwa akiomba mvua ichelewe. Sasa aliangalia juu asijue aombe nini.

Haikumsubiri aamue. Ilishuka mvua ya kishindo, wote wakakimbilia barazani. Ule udongo wa kufukia ukaenda kama sukari kwenye chai. Na kwa kuwa walikuwa wameukata kwenye kingo za korongo lenyewe, lilipofunguka lilikuwa pana maradufu. Likaja moja kwa moja hadi jikoni. Ukuta ukainama, ukaanguka, na masufuria yakaondoka yakigongana.

"Mungu wangu," Baba Pacha akasema, akashuka barazani, akaketi kwenye tope na shati lake la pasi.

Bwana shamba alitoa futi yake, akaingia mvuani. Alirudi akitetemeka, kalowa chapachapa. "Mama, mnastahili. Bila shaka yoyote mnastahili. Jumatatu wanakuja na mawe."

Mama Pacha alitaka kushukuru. Alikuwa amelitafuta neno 'mnastahili' kiangazi kizima. Lakini macho yake yalikuwa kwenye pembe ya chumba cha watoto, ambapo maji sasa yalikuwa yakilamba msingi.

"Leo Alhamisi," akasema. "Mvua itasubiri Jumatatu?"

Baba Pacha aliinuka topeni, akaingia ndani, akaanza kutoa magodoro.