Ngoma ya Kwedizinga na Sahani ya Bibi Zuena

Shaa, shaa, shaa. Ungo ulikuwa unapeta mchele gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo.

Katika nyumba za kambi ya mkonge pale Ngombezi, paa ni moja na kuta haziendi mpaka juu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakupa pole. Kwa hiyo kila aliyekuwa macho alfajiri ile ya tarehe ishirini na tano Desemba alijua kwamba mama Lea anapeta mchele wa sikukuu. Na Edna, mama Lea mwenyewe, alijua kwamba wanajua. Hakupunguza mkono.

"Mama Lea," mumewe Valentino alinong'ona kitandani, "si ungepeta jana mchana?"

"Jana haikuwa Krismasi."

"Na leo Mchungaji kasema si Krismasi."

"Basi napeta mchele tu. Wewe lala."

Maneno yenyewe yalianza wiki tatu nyuma. Mchungaji Fransisko alirudi kutoka semina, akasimama madhabahuni na kutangaza kwamba Krismasi si ya Wakristo. Ni siku ya wapagani wa Roma, waliokuwa wakiliabudu jua, na kanisa limedanganywa miaka yote hiyo. Ili shetani aaibike, tarehe ishirini na tano itakuwa msaragambo: watu wote waje na mafyekeo, wakate nyasi za kiwanja cha kanisa kama siku yoyote ile. Atakayepika sikukuu avue huduma yake.

Huduma ya Edna ilikuwa Shule ya Jumapili. Watoto kumi na sita, mmoja wao binti yake Lea, na kabati moja la vitabu ambalo ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga hata akienda kisimani. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili kwa ujauzito wa Lea. Miaka mitatu alikwenda darasa la jioni kule Masuguru, mtoto mgongoni, mpaka akapata cheti chake. Siku alipokabidhiwa wale watoto kumi na sita alilia kuliko siku ya cheti. Hakuna kitu alichoogopa kupoteza kama ufunguo ule.

Lakini kulikuwa na sahani ya Bibi Zuena.

Bibi Zuena alikaa chumba cha pili kutoka kwao. Siku ya Idi alileta biriani kwenye sahani yake ya bati, yenye ukingo wa kijani. Katika mstari ule wa nyumba, sahani ya sikukuu hukaa kwa aliyeletewa mpaka sikukuu yake ifike, kisha hurudi imejaa. Hivyo ndivyo ilivyokwenda na kurudi tangu mama yake Edna yu hai. Sasa irudi tupu, na maelezo kuhusu jua la Roma?

Saa moja ngoma ya kanisa ililia kuita watu kazini. Valentino alichukua fyekeo, akamtazama mkewe, akamtazama na kuku aliyekwisha kuchinjwa na jirani Mwislamu, akatoka. Lea alikuwa uani na gauni jipya, anatundika nyota za maboksi kwenye mlingoti mkavu wa mkonge, mti wao wa Krismasi, alioukata baba yake mwenyewe juzi.

Harufu ya hiliki na karafuu ilifika kanisani kabla ya saa nne. Mchungaji akaifuata mpaka mlangoni, Valentino nyuma yake, suruali imejaa vipande vya nyasi. Majirani wakatoka, wengine na miswaki mdomoni.

"Bwana asifiwe, mama Lea."

"Amina, Mchungaji. Karibu kiti."

"Sikuja kukalia viti leo. Nilisema nini madhabahuni?"

"Ulisema siku hii ilikuwa ya wapagani. Nimesoma na mimi, huenda ni kweli."

"Sasa?"

"Mchungaji, ile ngoma uliyotuitia asubuhi imetoka wapi?"

"Aliitoa mjomba wako alipookoka. Inahusiana vipi?"

"Ilitoka Kwedizinga. Babu Mhina, baba yake mjomba, aliipigia tambiko la mvua miaka arobaini. Ile ngozi imeita mizimu kwa majina yao, mmoja mmoja."

Jirani mmoja aliutoa mswaki mdomoni. Mchungaji aligeuka upande wa kanisa, akageuka tena. Kumbe hakuwahi kuuliza.

"Siku ile mlipoipokea," Edna akaendelea, "mliifanya nini?"

"Tuliiombea."

"Mkaichoma?"

"Tuliiombea, nimesema. Tukampa Mungu."

"Na mimi hii siku nimeiombea. Nimempa Mungu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu akipewa Mungu kinakuwa chake."

Kikatokea kicheko chumba cha nne, kikazimwa haraka. Mchungaji alinyoosha kiganja.

"Ufunguo, mama Lea."

Edna alifungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza, likamchukua muda, na watu wote wakamngojea. Akauweka ufunguo kwenye kiganja kile. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Watoto wakimuulizia mwalimu wao?" Mchungaji aliuliza, sasa taratibu.

"Waambie yuko nyumbani, anasherehekea kuzaliwa kwa Yesu. Wakitaka hadithi yake, uani kwangu pana kivuli."

Mchungaji aliushika ufunguo kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Kisha akaondoka. Valentino hakumfuata. Aliegemeza fyekeo ukutani, akanawa mikono.

"Mama Lea, mimi nina njaa," alisema. "Nyama ya paja iko wapi?"

"Ya mgeni kwanza, baba Lea."

Edna alipakua pilau mpaka ukingo wa kijani ukafunikwa, akaweka paja juu, akatandaza kitambaa cheupe. Sahani akambebesha Lea, mikono miwili. Wakapita mbele za watu wote mpaka mlango wa pili.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu." Bibi Zuena alikuwa amekwisha kutandika mkeka. "Nasikia mwaka huu hakuna sikukuu?"

Lea aliinua sahani juu kadiri mikono ilivyofika.

"Bibi, sikukuu ipo, tumekuletea."