Msanii Komei

Kwetu Japani hata mchekeshaji wa tangazo la sabuni huitwa yumei, maarufu. Komei ni neno jingine, zito, la hotuba, la mtu ambaye jina lake limepaa. Meya wetu alipolitamka ukumbini, "Mwalimu Washio Genzo, msanii komei wa visanduku vya laka," Shigeno, mkewe, alikaza vidole mapajani.

Vidole hivyo ndivyo vilivyochora juu ya laka ile, rangi nyeusi ing'aayo. Tangu Genzo aanze kutetemeka mikono, miaka mingi nyuma, kila korongo na kila wimbi la dhahabu lilitoka kwa Shigeno, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Mumewe alibaki kutia sahihi tu.

Genzo alishika kipaza sauti, akamtazama mkewe. "Na huyu mama watoto," akasema akicheka, "bila chai yake nisingefika popote."

Watu wakapiga makofi. Shigeno akainama, akatabasamu.

Asubuhi yake hakuingia chumba cha nyuma.

"Mama, lile sanduku walilotuagiza hekaluni!" Genzo aliita. "Wanalingoja."

"Chai iko mezani."

"Acha utani. Nani atachora?"

"Si msanii komei yupo? Mimi ni wa chai."

"Kumbe umenuna! Sasa ningesema nini mbele za watu wote wale?"

"Jina langu. Wala si refu."

Genzo akachukua brashi mwenyewe. Unga wa dhahabu ukamwagika, mistari ikaenda upogo, na mzee wa watu akalia kwa sauti. Shigeno alimsikia kutoka jikoni. Ilimuuma, lakini aliendelea kukata figili.

Mwishowe Genzo akatangaza kwamba anastaafu. Gazeti likamsifu kuliko mwanzo: ni wachache, liliandika, wenye ujasiri wa kuweka brashi chini wakiwa kileleni, huyo ndiye komei wa kweli. Meya akaleta maua. Majirani wakawa wanainama wakipita langoni.

Majira ya kuchipua Shigeno alichora kisanduku kimoja cha korongo, akaandika chini yake jina lake mwenyewe, akakipeleka kwa muuza duka aliyekuwa akiuza kazi za Genzo. Yule bwana alikigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kazi safi, mama," akasema kwa upole. "Ila unamwiga mzee mno. Watu wataguna. Jaribu kutafuta mtindo wako."

Shigeno akamshukuru, akakifunga tena kwenye kitambaa, akatoka.