Pigo la Kuitikia

Tangu makanisa yafungwe kwa makufuli na nyimbo za dini kupigwa marufuku, fundi viatu alinyamaza kama wote walivyoamriwa. Mdomo ulinyamaza, nyundo ilikataa. Mkewe, aliyeshinda naye kibandani akishona viatu vilivyoachama, aliisikia ikigongomea misumari: ta, ta, ta, halafu kimya. Ndivyo ulivyokwenda wimbo wao wa Jumapili, na kwenye kimya kile ndipo waumini walipoitikia.

"Baba, badili mapigo," alimsihi. "Watu wana masikio."

"Mkono umezeeka huu, mke wangu. Utafundishika wapi tena?"

Wapita njia waliojua waliitikia kwa namna zao. Mmoja alikohoa, mwingine aligonga ndoo kwa kidole, wakaenda zao wamekausha nyuso.

Siku moja Koplo alileta buti lililobanduka soli. Zamani, kabla hajavaa magwanda, aliimba besi katika kwaya yao, wakamwita Ngurumo. Alikaa kwenye benchi kungoja, askari wawili wakasimama mlangoni.

"Fanya haraka, fundi, nisije nikasimama mguu mmoja kama korongo."

"Korongo hana tumbo hilo, afande."

Askari wakaangua kicheko. Fundi akainamia kazi. Ta, ta, ta. Kimya. Na mguu wa Koplo, ule uliobaki na soksi tu, ukadunda sakafuni: du.

Kicheko kikakatika. Wale askari waliutazama mguu, kisha wakamtazama mwenye mguu. Koplo akasimama.

"Mkamateni huyu," akasema. "Anaimba."

Akatoka na buti moja, soksi ikiburuta vumbi.

Kituoni hawakumtaka fundi mengi. Aseme mbele ya watu kwamba amemwacha Kristo, kisha arudi nyumbani kwake. Mkewe aliruhusiwa kumwona ili amlainishe, naye alikwenda kwa moyo mmoja kumlainisha.

"Sema tu, baba. Hayo ni maneno ya mdomo. Moyo wako Mungu anaujua."

Fundi alikuwa amevimba jicho moja. Alimtazama kwa lile lililobaki. "Siku niliyokuoa, kiapo kilitoka wapi?"

"Mdomoni," akajibu, kabla hajajua anakopelekwa.

"Basi."

Njia nzima ya kurudi alimchukia kwa neno lile moja.

Walipomrudishia mwili, ulikuwa pekupeku. Mtu aliyeuvisha mtaa mzima viatu, nyayo zake zilikuwa tupu, zimechanika. Walimzika bila wimbo. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Kilio kilipokwisha, mjane alikifungua kibanda, maana njaa haikuwa imefiwa. Koplo alikuja peke yake, akasimama nje kama mtu aliyekosea nyumba.

"Pole, shemeji. Buti langu lipo?"

"Lipo. Halijaisha. Kaa."

Alibana misumari midomoni kama alivyofanya marehemu, akachukua nyundo. Angeweza kugonga vyovyote. Soli ingeshika tu. Koplo naye alilijua hilo. Akainama karibu, akanong'ona.

"Shemeji, nakuomba, gonga vingine. Hapo jirani wameweka mtu wa kusikiliza. Akisikia, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Mjane aliishusha nyundo. Alikuwa mwoga tangu utotoni. Hata leo radi ikipiga alijikunyata kitandani na kujifunika gubigubi. Aliitazama ngozi ya lile buti, akaona mahali mumewe alipokomea: misumari mitatu imezama sawasawa, halafu nafasi tupu.

Akaweka msumari. Ta, ta, ta.

Kimya kikatanda. Aliutazama mguu wa Ngurumo. Haukusogea. Koplo alikuwa amelikumbatia goti lake kwa mikono miwili, analikandamiza chini kama mtu anayemzuia mnyama, na machozi yalikuwa yakidondokea kwenye soksi.

Nyuma ya ukuta wa mbao, kiti kikaburutwa. Mtu akainuka.

Mjane alisikia. Alingoja kidogo, iwapo mtaani kungetokea hata kikohozi. Hakikutokea. Basi akaitikia mwenyewe, kwa kisigino chake, akatoa msumari mwingine mdomoni.