Gari Lipo

Saa mbili asubuhi fundi alikuwa amelala chali chini ya pikapu, miguu yake tu ndiyo ikionekana, na mkunga amesimama kando ameukumbatia mkoba wake. Pikapu lenyewe lilikuwa kubwa, la boneti pana, rangi ya maziwa, na katika yadi nzima ndilo gari pekee ambalo lingeweza kupanda mlima wa kwendea hospitali. Mengine yalikuwa vigari vya watu wa ofisini, vimepigwa sabuni vikang'aa, vya kwendea kazini na kurudi. Fundi, ambaye ni shemeji yake mkunga pia, mdogo wa marehemu mumewe, alijisukuma nje kwa mgongo, akajifuta mikono kwenye suruali. Alisema injini ni nzima na klachi ni nzima. Ekzosi imetoboka kidogo, si neno. Ila springi za nyuma zimelala kana kwamba gari limepakia saruji.

"Limepakia watu," alisema dalali, huku akitafuna kijiti.

Mkunga akazunguka nyuma. Wanawake saba walikuwa wameketi kwenye bodi, migongo kwenye kingo, kila mmoja na vitu vyake miguuni: beseni, blanketi la mtoto, chupa ya chai. Waliwafukuza nzi kwa mikono na kutazama barabara.

Dalali hakuwa mtu wa kuficha kasoro. Alieleza kwamba aliwakuta humo alipolinunua, na aliyemuuzia alisema mwanzoni alikuwa mmoja tu, wengine wakapanda mwaka baada ya mwaka. Hawapigi kelele wala hawachafui, lakini wanakula mafuta, na kwenye mlima gari linakohoa. Wateja watatu wamelirudisha. Ndiyo maana bei imeshuka. "Ila hao siuzi, bi mkubwa," alimalizia. "Hawamo kwenye kadi ya gari."

Mkunga aliwaamkia, wakaitikia. Hakuna hata mmoja ambaye mkunga hakumjua. Aliyekaa pembeni, karibu na mlango wa nyuma, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, aliyefia kwenye benchi la zahanati mwaka ule wa mvua nyingi. Aliyemfuata aliuza mkaa. Kulikuwa na fundi cherehani, mke wa mlinzi, ndugu wawili wa tumbo moja waliopishana miaka mitatu, na binti mmoja aliyekuja peke yake, asiyetaka kutaja jina lake siku ile na hata sasa hakulitaja. Wote saba mkunga aliwashika mikono akiwaambia wajikaze, gari liko njiani.

"Ulituambia liko njiani," alisema mwalimu. "Basi tukatoka kulingoja barabarani. Na kweli lilikuwa likipita, limejaa makreti ya soda na viti vya harusi. Tukapanda."

Mkunga alijua gari gani linaongelewa. Ukisimama upande wa jua, chini ya ile rangi ya maziwa neno ZAHANATI lilisomeka bila miwani.

Lilikuwa limeletwa miaka minane kasoro miezi miwili iliyopita, likafungwa utepe mwekundu mbele ya mlango wa zahanati. Afisa wa afya akahutubia, picha zikapigwa, na mkunga akakabidhiwa ufunguo wa akiba mbele ya watu wote. Alasiri ile ile likarudishwa wilayani kufungwa namba. Namba hizo hazijaisha kufungwa mpaka leo. Ufunguo mkunga aliutundika kwenye msumari ndani ya chumba cha kujifungulia, na asubuhi hiyo alikuwa ameuchukua bila kujua kwa nini.

Alifungua mkoba akautoa, akaingia nyuma ya usukani, akauzungusha. Gari likawaka mara moja.

"Basi huo ni ufunguo wake," alisema dalali. Bei hakupunguza.

Sasa ingefaa mtu aseme: si mwende mkadai gari lenu? Mkunga alikwenda. Ofisi ya wilaya ilikuwa ng'ambo ya barabara, na karani wa huko, kijana mpole, alimtolea jalada bila ubishi. Ndani mlikuwa na fomu za kila mwezi, tisini na nne. Kila moja iliuliza kama gari la zahanati lipo, na kila moja ilikuwa na tiki ya mkunga na sahihi yake chini. Ya kwanza tu ndiyo aliyoandika "halipo". Ilirudishwa ikiwa na wino mwekundu: Gari lilikabidhiwa, sahihisha. Mwezi huo sanduku la dawa halikuja, na mkunga akabaki hana hata sindano moja ya kuzuia damu. Akasahihisha. Tangu hapo mkono ulizoea wenyewe. Karani alimwambia kwa upole kwamba mtu hawezi kudai kitu alichokiri mara tisini na nne kuwa anacho.

Aliporudi yadini alimpigia simu mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Fedha zilizokuwa mkobani zilikuwa za kijiji, za mabati ya darasa ambalo sasa lingekaa bila paa. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kununua ng'ombe wako mwenyewe mnadani ni kujidhalilisha, lakini dua la kuku halimpati mwewe, na uamuzi anamwachia yeye.

Uamuzi wenyewe ulikuwa na tumbo la miezi minane. Binti yake mkunga, mzaliwa wake wa pekee, alikuwa nyumbani amekatazwa kuinua hata ndoo. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini kabisa, limeziba mlango wa uzazi, na mkunga hakuhitaji kuambiwa maana yake. Uchungu ukianza, itatoka damu kwanza. Mtoto hatapita mpaka mama apasuliwe, na anayepasua yuko ng'ambo ya mlima. Zilibaki wiki tatu, na mkunga alikuwa hapati usingizi. Alikuwa amewapoteza saba kwa mikono yake hiyo hiyo, na alijua vizuri wa nane angefananaje akiwa amelala kwenye benchi lile.

"Shemeji," alisema fundi kwa sauti ya chini, "gari halina ubaya. Lakini na uzito huo, mlima utatutoa roho."

Mkunga akawageukia wanawake. Akawauliza kama wangekubali kushuka.

"Tutashuka hospitali," alisema mwalimu. "Ndiko tulikokuwa tunakwenda."

Saa sita mnunuzi mwingine alitarajiwa, mtu wa mapambo ya harusi. Mkunga alilipa saa tano na nusu. Heri nusu shari, alijiambia, ingawa hakuwa na uhakika ile nyingine ingekuwa shari ya namna gani. Walirudi kijijini polepole, wanawake saba wakiyumba pamoja kwenye kona, na watu waliokuwa kando ya barabara wakawapungia mikono ndugu zao.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, binti alimwita mama yake chooni. Damu ilikuwa imeshafika kwenye visigino.

Walimlaza nyuma juu ya godoro. Wanawake walikunja miguu wakampa nafasi, muuza mkaa akampakata kichwa, na yule binti asiye na jina akamshika mkono. Mkunga alichuchumaa katikati yao na taulo, akazibadilisha, akahesabu mapigo. Fundi aliendesha kama mtu aliyebeba mayai mpaka walipofika mlimani. Hapo gari likaanza kukohoa, likaenda kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo. Mbuzi waliokuwa wakijichunga wenyewe pembeni walilipita.

Katika kona ya pili mkunga aliwaomba wale saba. Hakuwahi kuomba hivyo tangu azikwe mumewe. Aliwaambia huyu ndiye pekee aliye naye. Aliwasihi washuke wapande kwa miguu, awafuate baadaye mmoja mmoja, aliapa kwa kaburi la mama yake.

"Mwanao tutampakata," alisema mwalimu. "Maji tutampa, na damu tutaifuta. Lakini kushuka, mama mkunga, hatushuki. Sisi hilo neno 'baadaye' tulishaambiwa."

Hakusema kwa hasira. Mkunga alirudi kwenye mapigo. Mlima ule, ambao gari tupu huupanda kwa robo saa, ulikula saa moja na dakika kumi. Machozi yalimtoka yakadondokea mikononi, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Hospitalini machela ilikuja mbio, binti akapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji kwa kuwa alikuwa na barua ya rufaa. Wanawake saba walishuka nao, wakajinyoosha migongo, wakaenda na mabeseni yao kupanga foleni mapokezini. Karani wa mapokezi aliwauliza majina na zahanati waliyotoka, akafungua daftari nene, akapitisha kidole.

"Nyinyi mlikataa kuja," alisema.

Wakamtazama. Akawageuzia daftari ili waone. Fomu ya kifo ilikuwa na sehemu ya sababu, na sababu zilizochapwa zilikuwa tatu tu: gari halikuwepo, mgonjwa alikataa kwenda hospitali, mengineyo. Pale ambapo gari lipo, ya kwanza haiwezi kutiwa tiki. Mengineyo yalidai maelezo ya kurasa mbili na barua ya afisa. Kwa hiyo mkunga alikuwa ametia tiki ile ya katikati, mara saba, akiwa amechoka, maji ya kuoshea maiti yakichemka jikoni.

Wote saba wakageuka wakamtazama mkunga, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na taulo zenye damu mapajani. Karani alisema kwamba aliyekataa huduma hapokelewi mpaka zahanati yake iandike upya. Basi wakatoka, wakapanda gari, kila mmoja mahali pake.

Saa kumi daktari alikuja kumwambia mkunga kwamba mama na mtoto wako hai. Damu ilikuwa imetoka nyingi mno, kwa hiyo kizazi wamekiondoa. Wangefika saa moja kabla, pengine wasingekiondoa. Mtoto ni wa kike. Mkunga alishukuru, kwa sababu alikuwa na kitu cha kushukuru, kisha akaenda nyuma ya jengo la kufulia akalia mpaka koo likakauka. Binti yake alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Mwisho wa mwezi alikaa mezani na fomu ya tisini na tano. Safari hii gari lilikuwepo kweli, analiona dirishani. Akaambatisha barua: wale wanawake saba hawakukataa, gari halikuwepo, kosa ni lake. Aliandika mara mbili ili isiwe na makosa.

Fomu ilirudi baada ya siku kumi, ikiwa na wino mwekundu. Gari lipo tangu likabidhiwe. Sahihisha. Sanduku la dawa halikuja. Kabatini zilibaki sindano mbili za kuzuia damu, na wajawazito waliokaribia kujifungua walikuwa wanne. Mkunga alizihesabu sindano asubuhi, akazihesabu tena mchana, kana kwamba zingeweza kuzaana. Jioni akachukua kalamu, akasahihisha.

Kesho yake fundi aliongeza jani moja la chuma kwenye springi za nyuma, akawasha gari kupeleka fomu wilayani. Kabla hawajaondoka mwalimu alinyoosha mkono kutoka nyuma, akaomba kuiona. Mkunga akampa. Alisoma ukurasa wote taratibu, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi, akaukunja vizuri, akamrudishia.

"Mwandiko wako haujabadilika," alisema, akasogea kumpisha yule binti asiye na jina akae vizuri.