Safari ya Hoorn Kupitia Bertrams

Aloys alianza safari yake ya Uholanzi siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, kutoka mlangoni pa karakana yake ya baiskeli huko Bertrams, Johannesburg, na kabla hajaifikia robot ya kwanza, taa za barabarani, alikuwa amekwisha kupotea njia. Msimcheke. Mtu anayeendesha baiskeli katika nchi mbili kwa wakati mmoja ana haki ya kukosea kona.

Saa hiyohiyo binti yake Ariane alikuwa anaondoka mjini Zutphen, peke yake, mifuko miwili ikining'inia nyuma ya baiskeli. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka 2013, na mwezi huo saa ya Johannesburg na saa ya Uholanzi ni moja, ila kule ni joto na huku ni baridi ya kupasua midomo. Ariane alikuwa na miaka ishirini. Alitaka kuifuata kwa siku sita njia ya mama yake, Clémentine, katika nchi ile: Zutphen walikopokelewa wote wawili kama wakimbizi, kisha Amersfoort, Utrecht, Gouda, Leiden, Haarlem alikofanya kazi, na Jumamosi Hoorn, alikozikwa mwaka mmoja uliopita.

Kwa Warundi kilio hakijiishii chenyewe. Mwaka ukitimia watu hukusanyika, pombe ya ndizi hunywewa, na mume wa marehemu husimama akasema basi, tumelia vya kutosha, kila mtu arudi kwenye kazi yake. Hapo ndipo matanga huanuliwa. Mume wa Clémentine alikuwa Aloys, hata kama hawakuonana kwa miaka tisa. Kwa hiyo baba na binti walipatana kwamba Jumamosi saa kumi jioni Ariane atapiga simu akiwa kaburini, na Aloys atayasema maneno hayo akiwa Bertrams.

Ila Ariane aliweka sharti. Aliliandika kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha kambini ambacho hakikukua tangu alipokuwa mtoto: "Papa, mbele ya Jumamosi uniambie siku ile ulikuwa wapi. Kweli yake. Usiponiambia, nitaanua peke yangu, na sitakupigia tena."

Siku ile ilikuwa ya mwaka 2002, katika kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma. Ilikuwa siku ya kuhesabiwa. Kila mkimbizi alijua maana yake: husogei, huugui, huendi hata kisimani, unasimama na familia yako mpaka kidole kipakwe wino. Aloys hakuwepo. Kwenye kadi ya familia karani alikata tatu akaandika mbili, na mwaka uliofuata yaliposomwa majina ya wanaokwenda Uholanzi, yalisomwa mawili. Clémentine aliondoka bila kumtazama. Aloys alibaki, akahangaika, akateremka kusini nchi baada ya nchi mpaka akafika Johannesburg, na kote huko alimweleza kila mtu, hata Ariane kwenye simu, kwamba alikuwa amekwenda kutafuta unga. Alilisema jambo hilo mara nyingi sana, mpaka akawa anauona ule mfuko wa unga.

Basi Jumatatu aliendesha kwenda Amersfoort. Alipiga mizunguko kando ya uwanja wa Ellis Park, akateremka bonde la Bezuidenhout, akarudi. Kila Ariane aliposimama kunywa maji alituma maneno mawili matatu, na Aloys alisimama palepale alipo na kusoma. "Msitu. Harufu ya mvua." Mbele yake kulikuwa na ukuta wenye matangazo ya waganga na mama mmoja akichoma mahindi, lakini alipopanda tena baiskeli alisikia misonobari ikidondosha maji begani kwake. Si kwamba alijidanganya. Alijua kabisa yuko wapi, maana taksi zilimpigia honi kila dakika. Ila mtu akiitaka sana nchi ya watu, nchi hiyo humwendea hatua chache kumlaki.

Nje ya karakana, Masika, mama Mkongo wa Butembo aliyekuwa akiuza mandazi na chai, alimpokea mikono kiunoni.

"Papa Aloys, uko Hollande ama uko Bertrams?"

"Niko Amersfoort, mama. Nimechoka kidogo."

"Eish! Na ule kijana mwenye velo hana breki, atakufuata kule Amersfoort? Anangoja tangu saa mbili!"

Aloys akatengeneza breki za watu mpaka jioni, huku akitabasamu mwenyewe. Jumanne ilikuwa Utrecht, Jumatano Gouda. Ariane aliandika juu ya mifereji iliyokaa juu kuliko mashamba, na ng'ombe waliolala chini ya usawa wa mashua. Aloys hakuelewa hata kidogo, lakini alipopita kwenye daraja juu ya reli aliona mabehewa chini yake yakienda polepole, yamebeba anga yote kwenye madirisha, akaelewa. Barabara za Johannesburg, ambazo kwa kawaida ni za kukaba roho, zilimlainikia. Majani makavu ya baridi yalimtandikia njia. Vilima vya mchanga wa migodini, vya manjano, vilisimama mwisho wa jiji, na juani akaviona vinageuza mabawa taratibu kama vinu vya upepo. Alifurahi mno siku hizo tatu. Wala hakuandika neno lolote kuhusu siku ile.

Alhamisi, wakati Ariane akielekea Leiden, Aloys alikwenda mtaa wa La Rochelle kufuata pombe ya ndizi. Spéciose, Mrundi mwenzake anayepanga chumba kule, ndiye pekee jijini aliyejua kuitengeneza isiwe siki. La Rochelle iko kusini mwa jiji, na njia ya kwenda huko ni mlima. Aloys alikuwa na miaka hamsini na moja. Alianza kupanda vizuri, akaendelea vibaya, na katikati ya mlima magoti yalimwambia ashuke atembee.

Hapo likampita lori la matofali, polepole, linatoa moshi. Mkono wa Aloys ukanyooka wenyewe ukashika mnyororo wa nyuma.

Ujanani alikuwa mmoja wa wale vijana wa Bugarama wanaoteremsha ndizi kwa baiskeli hadi Bujumbura, breki yao ni kandambili inayosugua lami, na kurudi juu ni kushika mkia wa lori, mkono mmoja, wakilala kwenye kona wote pamoja. Mwili haukusahau. Lori lilimvuta, upepo ukamwingia kwenye koti, nyumba zikaanza kurudi nyuma. Abiria wa taksi wakatoa vichwa: "Hhayi, madala! Mzee mzima, unataka kufa?" Akacheka kwa sauti. Akacheka mpaka mlima ukaisha, akauachia mnyororo, akasimama juu kabisa jiji lote likiwa chini yake, akihema.

Na furaha ile akaitambua. Ilikuwa ileile ya siku ya kuhesabiwa. Hapakuwa na unga wowote. Kulikuwa kumenyesha alfajiri, mvua ikakatika, na barabara ya kuteremkia bondeni ikawa safi, inang'aa, haina mtu kwa sababu watu wote wamekwenda kuhesabiwa. Alisema moyoni nitateremka mara moja tu. Alipofika chini akaona barabara inaendelea. Aloys akashika kichwa pale juu ya La Rochelle. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, na miguu ilikuwa bado inatetemeka kwa raha.

Alinunua pombe, chupa kubwa ya plastiki, akaifunga nyuma ya baiskeli, akateremka mlima kwa breki zote mbili.

Ijumaa mchana Ariane alituma picha kutoka Haarlem. Ilikuwa ndani ya jumba la makumbusho ambalo Clémentine alilisafisha kwa miaka minne: ukuta wa kijivu, mchoro wa mto ulioganda na watu wadogowadogo wanateleza juu yake, na pembeni kiti cha mbao. "Mlinzi anamkumbuka Mama. Anasema akimaliza kupiga deki alikaa kwenye kiti hiki dakika tano, anaangalia hao wanaoteleza, anacheka. Mimi sikumwona akicheka hivyo nyumbani." Halafu ujumbe mwingine: "Kesho ni Jumamosi. Bado hujaniambia."

Aloys akamwonyesha Masika picha, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kulemewa, akamwambia na mengine yote, barabara safi na unga usiokuwepo. Masika aligeuza mandazi yake yote kabla ya kujibu.

"Weye ni mupumbafu kabisa," alisema, bila ukali. "Andikia mtoto."

"Nitampoteza."

"Unga utampoteza. Miaka yote hii unamulisha unga yenye haiko. Andika, papa."

Akaandika, ameketi juu ya tairi la gari, kwa kidole kimoja. Aliandika kwamba hakwenda kutafuta unga. Hakukamatwa, hakuumwa. Mvua ilikatika na barabara ilikuwa nzuri, akateremka, akaenda mpaka jua likageuka, akafurahi, na aliporudi wino ulikuwa umekauka kwenye vidole vya watu. "Sikuwachagua ninyi wala sikuwakataa. Nilisahau. Hilo ndilo baya lake. Nisamehe ukiweza." Akatuma kabla mkono haujabadili nia.

Hakuna jibu lililokuja Ijumaa. Jumamosi asubuhi aliendesha kuelekea Hoorn, lakini Hoorn haikuja kumlaki. Ukuta ulikuwa ukuta. Mama wa mahindi alikuwa mama wa mahindi, naye akamuuliza kama anaumwa. Aloys alirudi mapema, akaoga, akavaa suruali ya kanisani. Karakana aliifagia, akaweka mezani chupa ya pombe, glasi mbili na simu. Masika akaja na kitambaa kizuri kichwani, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana kuanua matanga hakufanywi na mtu mmoja.

Saa kumi ikafika. Simu haikulia.

Saa kumi na robo. Saa kumi na nusu. Nje watu walikuwa wanapita kwenda kutazama mpira uwanjani, wanapuliza vuvuzela. Aloys aliiangalia simu mpaka macho yakamwuma. Alimwona Ariane amepiga magoti kwenye nyasi za kigeni, anasema maneno yale mwenyewe, anainuka, anafuta namba ya baba yake. Hakumlaumu. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi alinyoosha mkono ili aondoe glasi mezani.

Simu ikalia.

Kwanza hakusikia mtu. Alisikia upepo, mwingi, unavuma kwenye simu mpaka Masika akausikia kutoka kwenye ndoo yake. Kisha binti yake, anahema.

"Papa."

"Niko hapa."

"Papa, sijafika kwa Mama."

"Umeanguka? Umeumia?"

"Hapana. Nilifika saa kumi kasoro kidogo. Niliona lango. Nilikuwa na maua, nilikuwa na maneno yako kwenye mfuko, nilikuwa na hasira nyingi. Lakini barabara inapita lango inapanda juu ya ukingo wa maji, Papa, na upepo ulikuwa nyuma yangu. Sikupiga hata pedali. Nikasema nitaenda mpaka kwenye kona tu." Aloys hakujua kama analia au anacheka. "Kwenye kona nikaona inaendelea. Nimetoka kilomita kumi na mbili. Nilisahau, Papa. Nilimsahau Mama kabisa. Maua yameruka yote, sijui yalirukia wapi."

Aloys alifunga macho. Bertrams ikaondoka. Palikuwa na maji upande mmoja na kondoo upande mwingine, na ukingo mwembamba unakwenda hadi usikoonekana, na juu yake msichana ameweka mguu mmoja chini, nywele zimevurugika, ana uso wa Clémentine na miguu ya baba yake.

"Ilikuwa hivi?" Ariane aliuliza. "Siku ile?"

"Ilikuwa hivyohivyo, mwanangu."

Cheni ikasikika kwenye simu, kama baiskeli inaanza kugeuzwa.

"Nikirudi sasa, upepo utakuwa usoni," Ariane alisema. "Itachukua saa nzima, labda mbili. Huko kwenu usiku utaingia. Utaningoja?"

Aloys alitazama glasi mbili, chupa, na Masika aliyekuwa ameshika kitambaa cha kichwani mdomoni.

"Ngoja kwanza usigeuke," alisema. "Mbele yako barabara bado ipo?"

"Ipo."

"Basi nenda mpaka iishe. Mimi na mama yako tunakungoja."